Fundi anataka kufungua injini ya nduthi (pikipiki), oili inaweza kusema ukweli kwanza?

jamaa_kondele
Wadau habari. Niko na nduthi ya cc 150 nilinunua mkono wa pili, inapiga kazi Kondele mpaka Mamboleo na wikendi naenda nayo nyumbani huko ndani ya Ahero, jua likiwaka ni vumbi tupu, mvua ikinyesha ni maji. Sasa asubuhi nikiwasha inatoa moshi wa buluu kidogo halafu unaisha. Fundi ameangalia dakika mbili akasema ringi za pistoni zimekufa, tufungue tupige ribo, yaani silinda ichongwe upya. Hiyo ni pesa mingi na shule zinafunguliwa. Kuna mtu ananiambia oili ukimwaga inaweza kupimwa maabara ionyeshe ni nini inaisha ndani. Ni ukweli? Na kwa nduthi inasaidia?

wa_trekta
Ni ukweli omera. Mimi ni wa karakana ya matrekta ya miwa na sisi hatufungui injini kama sampuli haijaenda maabara. Mashine inasoma vyuma vilivyosagika ndani ya oili. Chuma cha kawaida kikipanda angalia silinda, kamu na gia, alumini ni pistoni, kromiamu mara nyingi ni ringi. Silikoni ni vumbi, na hapo ndio nataka uangalie sana kwa sababu vumbi la huku linasaga injini kama msasa. Silikoni na chuma zikipanda pamoja shida imeanzia eya klina (kichujio cha hewa), ukipiga ribo bila kurekebisha hiyo utarudi kwa fundi tena. Ila kama injini ilifunguliwa juzi ikapakwa gundi ya gasketi, silikoni itapanda bure, waambie maabara.

Lakini usisome majibu ya nduthi kama ya trekta. Kwa nduthi oili moja inalisha injini, gia na klachi, kwa hivyo shaba inaweza kuwa ni ya klachi tu. Tena gia zinakata oili, yaani zinaifanya nyepesi. Oili ya 20W-50 ikiwa mpya unene wake kwa joto la nyuzi 100 hauendi chini ya 16.3 cSt (kipimo cha unene), ukipata imeanguka chini ya 12.5 hiyo imekuwa nyepesi kama oili ya 30, ama gia zimeikata ama petroli inaingia.

Sampuli toa injini ikiwa moto, acha ya kwanza imwagike, kinga ya katikati na chupa safi kavu. Na moja haitoshi, chukua kama tatu, kila oili ikiwa imetembea kilomita zile zile, ndio uone kama vyuma vinapanda.

mama_wa_nduthi_mbili
Ya trekta ni sawa lakini hii nduthi inabeba kama lita moja tu ya oili, uliza bei ya maabara kwanza usije ukalipia kipimo kuliko oili yenyewe. Mimi nimepea vijana wawili nduthi na kila wakimwaga oili nataka niwe hapo. Naipitisha kwa kitambaa cheupe halafu naweka sumaku. Tope laini jeusi kwa sumaku si mbaya, ukishika ukasikia vipande vinachoma kidole hapo simamisha kazi. Oili kuwa nyeusi peke yake si ugonjwa, kazi yake ni kubeba uchafu. Ikiwa kama chai ya maziwa ni maji, na wewe wa Ahero hiyo usipuuze. Ikiongezeka kwa dipstiki na hujaongeza, nusa, hapo kabureta inavujisha petroli.

Na moshi wa asubuhi tu unaoisha, mara nyingi ni sili za vali, zile raba za kuzuia oili isishuke kwa vali. Ringi zikiisha inatoa moshi ukivuta mafuta na oili inapungua kila siku. Mwambie fundi apime kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kabla ashike spana.

jamaa_kondele
Asante sana mama, na wewe wa trekta. Nimemwaga leo jioni. Sumaku ina tope laini, hakuna vipande, na haina harufu ya petroli. Lakini eya klina nimetoa nikashtuka, sponji imepasuka upande mmoja na vumbi limeingia mpaka kwa paipu, sijui huyo aliyeniuzia aliendesha hivyo miezi mingapi. Nimenunua mpya, nimeweka oili ya nduthi yenye alama ya JASO MA2, na ya zamani nimeweka kwa chupa nikaandika kilomita. Fundi nimemwambia kesho apime kompresheni tu.

wa_trekta
Kabla upeleke hiyo chupa itikise vizuri, vyuma vimeshuka chini.