Nina milioni moja na nusu, nataka kuuza tisheti na vikombe vya oda mtandaoni: nianze na mashine ipi?

Tabata_Kimanga

Wakuu, habari za saa hizi. Nataka kufungua duka la Instagram na WhatsApp hapa Dar: tisheti na vikombe vyenye michoro yangu mwenyewe, misemo ya mtaani, majina, pamoja na oda za vikundi kama kamati za harusi, vikoba na timu za mtaa. Kuchora siyo tatizo, natumia Canva na Illustrator. Mtaji ni 1,500,000. Mmoja ananiambia nunua printa ya DTF (inachapa kwenye filimu inayobandikwa kwa joto), mwingine sublimesheni (wino wa karatasi unaohamishwa kwa joto), mwingine mashine ya kukata vinili (plastiki ya kubandika). Wanaoifahamu hii kazi naomba mnieleze kipi kinaanza, na wapi watu huwa wanapigwa.

PresiMoto

Mkuu, kwa mtaji huo printa ya DTF iache kabisa. Wino wake mweupe ni mzito na hutuama. Printa ikikaa siku chache bila kuchapa, wino unaganda kwenye kichwa cha kuchapia, na kichwa hicho ndicho kifaa ghali kuliko vyote humo ndani. Mwenye oda tano kwa wiki hana kazi ya kuilisha kila siku. Halafu kuna unyevu wa Dar: poda ya gundi ikivuta unyevu inafanya mabonge na haishiki sawasawa. Anayetunza mashine hiyo vizuri anaiweka chumba chenye kiyoyozi mchana kutwa, na bili ya kiyoyozi nayo ni mtaji.

Nunua chapa kwa mita. Unapeleka faili, unachapiwa kwenye filimu yenye upana wa sentimita 60, poda imeshaivishwa, kinachobaki kwako ni kupiga presi, yaani kuibandika kwenye tisheti kwa mashine yako ya bamba la moto. Sublimesheni inashika poliesta nyeupe au ya rangi iliyofifia tu, na haina wino mweupe. Kwenye pamba inatoka ukifua. Kwa hiyo kwa vikombe sawa, kwa tisheti za pamba hapana. Vinili ni ya majina na namba za jezi. Ukiipa mchoro wenye herufi ndogondogo utakesha unachokonoa vipande vya ndani ya "a" na "e".

Mita moja ipangilie hivi. Katika zile sentimita 60, za kuchapika hesabu 58. Michoro ya kifua ya sm 28 kwa 38 inakaa miwili kwa upana, safu mbili, jumla minne, na imekula kama sm 78 za urefu. Zile 22 zilizobaki usizilipie bure: weka nembo ndogo za sm 9, sita kwa upana, safu mbili, unapata 12 za kifua cha kushoto au mkono. Wanaoanza wengi wanatuma mchoro mmoja katikati ya mita halafu wanalalamika chapa ni ghali.

Faili iwe PNG isiyo na mandharinyuma, dpi (nukta kwa inchi) 300 kwa ukubwa halisi. Upana wa sm 28 ni pikseli kama 3,300. Canva ya bure haikupi PNG isiyo na mandharinyuma, hivyo malizia kwenye Illustrator. WhatsApp itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha inabanwa na kingo zinatoka na meno. Vivuli laini na kingo zinazofifia ziondoe, maana DTF inatandika weupe chini ya kila kilichochorwa, na kivuli chako kitakuwa ukungu mweupe juu ya tisheti nyeusi. Mstari mwembamba kuliko milimita 1 usiuamini kwenye kufuliwa.

Tabata_Kimanga

Shukrani sana mkuu. Hapo kwenye kupiga presi, wengi naona wanalalamika chapa inabanduka. Kosa huwa liko wapi?

PresiMoto

Mara nyingi liko kwenye unyevu, joto la uongo, au haraka ya kubandua. Hatua zenyewe:

Tandika tisheti, piga presi tupu sekunde 5. Ukiona mvuke unatoka, rudia. Pamba iliyokaa stoo hapa mjini ina maji hata kama mkononi unaiona kavu, na maji hayo yakigeuka mvuke yanainua gundi kabla haijashika.

Ikunje tisheti katikati kwa urefu, piga presi kidogo upate mstari wa kati. Juu ya mchoro paanzie sm 7 hadi 8 chini ya kola, ni kama vidole vinne. Ukiuweka chini zaidi, mwenye kitambi atauvaa tumboni.

Weka filimu, funika kwa karatasi ya teflon au ya kuokea keki. Nyuzi joto 150 hadi 155, sekunde 12 hadi 15, mkandamizo wa kati. Muulize aliyekuchapia kama filimu yake inabanduliwa ya moto au ya baridi, maana kwa macho si rahisi kuzitofautisha. Ya baridi isubiri hadi mgongo wa kiganja usihisi joto kabisa, kisha bandua taratibu kuanzia pembe moja ukiilaza filimu, usiivute kwenda juu. Herufi ikianza kuinuka, rudisha, piga tena sekunde 10.

Baada ya kubandua, funika tena upige sekunde 8 hadi 10. Pigo hili ndilo wengi wanaliruka, na ndilo linaloizamisha chapa kwenye nyuzi. Ivute tisheti kidogo kwa vidole: ukiona ufumaji wa kitambaa unajitokeza juu ya chapa, imeingia. Ikibaki inang'aa kama nailoni iliyogandishwa juu, haijaingia, itapasuka.

Joto la uongo ni hivi: kioo cha presi kinaandika 155 lakini pembeni ya bamba ni 135. Pima kwa kipimajoto cha mionzi kwenye pembe zote nne na katikati. Tena, mshono, zipu au kifungo kikiwa chini ya bamba kinaliinua na sehemu ya jirani haipati mkandamizo; weka mto wa sponji ndani ya tisheti. Presi ya sm 38 kwa 38 inavuta wati 1,400 na zaidi, kwa hiyo ichomeke ukutani moja kwa moja. Ekstensheni nyembamba yenye jagi la umeme na pasi pembeni inayeyuka.

Jezi nyekundu za poliesta zichukulie kivyake. Rangi ya kitambaa inapanda na joto, maandishi meupe yanageuka waridi, wakati mwingine kesho yake, mteja ameshachukua mzigo. Shusha hadi nyuzi 130 hadi 140 na omba filimu yenye kizuizi cha rangi.

Ukikuta filimu uliyohifadhi imetoa ute kama mafuta, usiitupe. Ni unyevu umeingia kwenye wino. Ipashe chini ya bamba bila kuigusa, dakika moja hivi, futa kwa karatasi, ndipo upige.

Mzee_wa_Skrini

Nimesoma, kijana ameeleza vizuri, ila oda za vikundi mnamdanganya kidogo. Tisheti 50 za kikoba, rangi moja, mchoro mmoja: hiyo ni kazi ya skrini, yaani kupitisha wino kwenye fremu yenye wavu. Kwenye DTF tisheti ya kwanza na ya hamsini zinakula kiasi kilekile cha filimu. Kwenye skrini unalipia kutengeneza fremu mara moja, baada ya hapo ni wino tu. Kila rangi ina fremu yake, kwa hiyo rangi sita au picha ya bwana harusi usituletee, hiyo ni ya DTF.

La pili. Bango zima la sm 28 kwa 38 kifuani ni plastiki. Kuanzia Desemba hadi Machi hapa Dar, mtu analivaa mara moja kwenye daladala, jasho linamwagika chini yake, kesho linageuzwa nguo ya kulalia. Mchoro uufungue: herufi zisimame zenyewe bila boksi nyuma, katikati pawe na matundu.

Ukipeleka kazi kwa fundi wa skrini, muulize wino anauivishaje. Plastisoli, wino wa plastiki wa skrini, inataka ifike nyuzi joto kama 160 mpaka ndani. Akikujibu anaanika juani, mshukuru, ondoka.

PresiMoto

Hapo kwenye mabango nakubali, mzee. Ila oda chini ya 20 bado naipeleka DTF.

Hesabu_Kwanza

Kaka Tabata, presi unayo kichwani tayari, sasa bei. Weka namba zako mahali pa hizi zangu za mfano.

Tisheti ya jumla 8,000. Mita ya filimu 18,000: kwa mpangilio wa hapo juu, michoro minne mikubwa inabeba kama 14,000, yaani 3,500 kila mmoja. Mfuko 300, stika na kadi 200, umeme 200. Jumla 12,200. Zinazoharibika weka moja kwa kila ishirini, kama 600. Umefika 12,800. Matangazo: ukilipia 30,000 ukapata wateja kumi, ni 3,000 kila mmoja. Sasa ni 15,800. Ukiuza 25,000 unabakiwa na 9,200, na hapo hujajilipa kuchora, kujibu meseji na nauli ya Kariakoo. Ukiuza 18,000 kwa sababu jirani anauza 18,000, unabakiwa na 2,200, na tisheti moja ikirudi imekula faida ya tano na zaidi.

Usiingie Kariakoo ukabeba dazeni kumi. Beba sampuli moja moja kutoka maduka matatu, kitambaa cha gramu 180 kwa mita ya mraba kwenda juu. Zipime urefu na upana kwa futi, zipige chapa, ziache siku nzima, kisha zifue mara tano kwa mkono na sabuni ya mche, kama mteja atakavyofua, siyo kama kadi yako inavyomwomba afue. Pima tena. Ya pamba isiyofuliwa kiwandani inaweza kupungua saizi nzima. Kola ikilegea kama kitambaa cha jikoni, duka hilo futa. Ukishachagua, nunua mzigo wote wa oda moja siku moja na duka moja, maana "nyeusi" ya wiki ijayo inaweza kuwa nyeusi nyingine.

Dazeni ya kuanzia: S moja, M tatu, L nne, XL tatu, XXL moja. Rangi nyeusi na nyeupe tu kwa miezi ya mwanzo. Kila rangi unayoongeza inazidisha saizi zote tano zinazolala stoo.

Oda ya jina au kikundi bila advansi usiiguse. Advansi ilipe angalau tisheti na chapa, asilimia 60 hadi 70. Kabla ya kuchapa tuma picha ya mfano yenye rangi, saizi, mahali pa mchoro na maandishi yote, na usubiri mteja aandike "sawa, chapa". Simu haitoshi. Tisheti 30 za "Kalibuni harusini" ukikosa ushahidi kwamba ndivyo alivyoandika mwenyewe, ni zako.

Nembo_na_Leseni

Kwa ufupi. Nembo za Simba, Yanga au kampuni yoyote usichape bila kibali chao. Bidhaa bandia ziko chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo inayozifuatilia, mpaka kwenye stoo. Nembo ya taifa nayo ina sheria yake ya mwaka 1971, usiiweke kwenye biashara bila ruhusa. Methali za zamani ni za wote, lakini mstari wa bongo fleva una mwenyewe, na sura ya msanii vilevile.

Jina la biashara sajili BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kwa mtandao, uwe na namba ya NIDA. Kusajili jina siyo kusajili alama ya biashara: alama inaombwa kivyake, inadumu miaka 7, kisha inahuishwa kwa miaka kumi kumi. Kwa Zanzibar usajili ni mwingine. TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA ni bure, anayekudai hela ya TIN anakuibia. Leseni ni ya halmashauri yako. Andika mauzo kila siku, hata kwenye daftari la mistari.

Boda_na_Basi

Lipa namba chukua ya biashara, usichanganye na laini ya nyumbani. Mteja akituma skrinshoti ya muamala, angalia salio kwanza. Nauli ya boda alipe kabla mzigo haujatoka; "nitalipa akifika" ukizoea, utalipa boda kwenda na kurudi. Wa mikoani, mzigo unapandishwa basi kituo cha Magufuli, Mbezi: andika jina na simu ya mpokeaji pande mbili za kifurushi, piga picha stakabadhi na namba ya gari, mtumie mteja hapohapo.

Tabata_Kimanga

Mmenitoa gizani kweli. La mwisho, vikombe nianze navyo au nisubiri?

PresiMoto

Anza na dazeni moja ukiweza kupata presi ya vikombe ya kuazima au kulipia kwa kikombe. Kikombe lazima kiwe cha sublimesheni chenye utando wake. Cha kawaida cha dukani hakishiki. Cha mililita 330 kinabeba mchoro wa kama sm 20 kwa 9. Chapa iwe imegeuzwa kama kwenye kioo, karatasi ikazwe kwa tepu ya joto isicheze hata kidogo, nyuzi 180, sekunde 180. Rangi ikipauka, hakijaiva au mkandamizo ni mdogo. Nyeusi ikigeuka kahawia, umekiunguza. Maandishi yakiwa na kivuli, karatasi imesogea au umechelewa kuitoa. Madoadoa ni karatasi yenye unyevu, kwa hiyo iliyobaki ifunge kwenye mfuko wenye zipu. Na kila kikombe kiingie boksi lake, maana boda akipita tuta la Tabata Relini hakumbuki amebeba nini.