Miaka mitatu "tunangoja gazeti", kumbe wakili hajawahi kupeleka chochote kortini

Wadau, nimetoka korti ya Milimani, Nairobi, sasa hivi na mikono bado inanitetemeka. Mtanisamehe nikiandika ovyo.

Baba alituacha 2021. Hakuandika wosia. Aliacha ploti Kayole yenye vyumba 14 vya kupangisha, akiba kidogo kwenye Sacco, na akaunti ya benki ambayo hadi leo hakuna anayeweza kuigusa. Sisi ni watoto watano na mama. Hakuna mke wa pili, hakuna mtoto aliyejitokeza matangani na picha mkononi. Saksesheni, yaani kesi ya mirathi, nyepesi kuliko hii mtaitoa wapi?

Wakili tulielekezwa na mtu wa kanisani. Ofisi ghorofa ya nne katikati ya mji, vyeti ukutani, miwani imeshuka puani. Alitaka Sh85,000. Tukamlipa Sh50,000 siku hiyo hiyo kwa M-Pesa, tena kwa namba yake mwenyewe. (Hapo ndipo ningeshtuka, lakini mtu aliyezika juzi anashtuka nini?) Tukampa cheti cha kifo, barua ya chifu, makaratasi ya ploti, nakala za vitambulisho. Dada yangu akapanda basi kutoka Mombasa kuja kutia sahihi fomu ya kukubali mama na mimi tuwe wasimamizi wa mirathi. Baada ya miezi minne tukaambiwa fomu imepotea. Akapanda basi tena.

Kuanzia hapo wimbo ukawa mmoja: "Dada, tunangoja gazeti." Nikipiga Machi, gazeti. Nikipiga Novemba, gazeti. Nikienda mwenyewe nakuta karani wake, ananiuliza nimekuja kwa ajili ya nini, kana kwamba ni mara ya kwanza kuniona.

Sasa nisikilizeni. Gazeti rasmi la serikali hutoka kila Ijumaa. Tangazo la mirathi likishachapishwa humo, mwenye pingamizi ana siku 30. Mahakama ikitoa barua za usimamizi, yaani kibali cha kusimamia mali ya marehemu, mnakaa miezi sita kisha mnaomba zithibitishwe, na hapo ndipo mali hugawanywa. Weka foleni ya korti, weka likizo za majaji, weka na mgomo ukitaka. Bado haiwi miaka mitatu ya kungoja gazeti! Na haya sikuambiwa na wakili niliyemlipa. Nimeambiwa na binti wa jirani anayesomea sheria, huku akinisaidia kumenya viazi.

Ndiye aliyeniuliza namba ya kesi. Nilikuwa nayo, wakili aliniandikia nyuma ya kadi yake. Leo asubuhi nikaipeleka kwenye masjala ya kitengo cha familia, Mahakama Kuu. Karani akaiingiza kwenye kompyuta, akanitazama, akauliza kama marehemu alikuwa mtu wa Thika. Namba ni ya watu wengine kabisa. Akatafuta kwa jina la baba. Akaligeuza, la mwisho likawa la kwanza. Akatafuta kwa jina la mama na kwa langu. Hakuna. Yule kijana hata alinionea huruma, akaniambia nikae kwanza.

Kwa hiyo miaka yote hii tumekuwa tukimtishia baba mdogo kwa kesi ambayo haipo.

Baba mdogo alianza kukusanya kodi mwezi wa mazishi, eti anatusaidia. Hajaacha. Mama akidai anajibiwa kwamba ploti ni ya ukoo, na kwamba sisi wasichana tukaulize urithi kwa waume zetu. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haisemi hivyo. Mama ana haki ya kula kodi ile maisha yake, kisha watoto wote sawa kwa sawa, awe msichana au mvulana, ameolewa au hajaolewa. Na kugusa mali ya marehemu bila idhini ya korti ni kosa chini ya kifungu cha 45: faini hadi Sh10,000, au jela hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Sh10,000 jamani! Hizo baba mdogo anazipata kwa vyumba viwili au vitatu, mwezi mmoja.

Wiki iliyopita kaleta mnunuzi, wanapima ploti kwa hatua mbele ya wapangaji. Hata msimamizi halali haruhusiwi kuuza ardhi kabla barua zake hazijathibitishwa, sembuse yeye. Mnunuzi kama unasoma hapa, utapoteza pesa zako.

Najua kuna atakayesema si ungejifanyia mwenyewe. Kweli, mtu anaweza kupeleka ombi lake bila wakili, na sasa nitafanya hivyo hata kama nitalala masjala. Cheti cha kifo nitaomba nakala nyingine. Shida ni makaratasi ya ploti. Nilimpigia wakili nikiwa pale pale kwenye ngazi za korti, akasema nimalizie Sh35,000 ndipo anirudishie. Nimalizie za kazi gani?

Jina lake sitaliandika hapa, msiniandame. Jumatatu naenda Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili na jumbe zote za M-Pesa nimezichapisha. Ninachotaka kwenu ni kimoja: aliyewahi kumtoa wakili makaratasi aliyoyakalia, alianzia wapi, na ilimchukua muda gani? Na polisi watamsikiliza mtu asiye na barua za usimamizi akishtaki habari ya hiyo kodi, au nitafukuzwa?

Mama amepiga mara tatu tangu nitoke kule. Ya mwisho nimepokea, nikamwambia bado tunangoja gazeti.