Vipandikizi vya asumini vinachipua kisha vinaoza: tatizo liko wapi?

Mama Zuhura, Tanga
Ndugu wapenda bustani, naomba msaada wenu. Nina mti wa asumini uani, ule wa maua yenye petali nyingi, nao umezeeka. Ningependa kupata miche yake nipande mingine kando ya baraza na kumgawia jirani. Mbegu sijawahi kuiona katika mti huu. Hukata matawi nikayachomeka kwenye viriba vyenye udongo uliochanganywa na samadi, nikaviweka kivulini na kumwagilia asubuhi na jioni. Baada ya siku chache hutokeza majani mapya mazuri, kisha kipandikizi chote hunyauka na kuwa cheusi kuanzia chini. Je, nini kinakosekana? Na bogenvilia huoteshwa vivyo hivyo?

Fundi Kitalu
Mama Zuhura, salaam. Majani hayo si ushahidi kwamba mizizi imetoka. Tawi lililokatwa huwa na akiba yake ya chakula na maji, na machipukizi hujitokeza kwa kuitumia. Akiba ikiisha kabla ya mizizi kuota, majani yale yale yaliyokufurahisha ndiyo yanayolikausha tawi. Weusi unaopanda kutoka chini ni uozo, na hapo nashuku samadi na maji mengi. Kipandikizi kisicho na mizizi hakihitaji mbolea, kinahitaji hewa, unyevu na usafi.

Tumia mchanga wa mtoni, kwa maana wa ufukweni una chumvi, uuchanganye na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kulowekwa, sawa kwa sawa. Chagua tawi lisilo na maua, lililoanza kukomaa lakini bado linapinda, ukate kipande cha sentimita 10 hadi 15 chini kidogo ya kifundo, kwani hapo ndipo mizizi hupenda kutokea. Bakiza majani mawili ya juu, nayo yakiwa mapana yakate nusu. Kisha chukua chupa tupu ya maji, ikate kitako na uifunike juu ya kipandikizi. Ukiona matone yameganda ndani ya chupa, usimwagilie, bali fungua kifuniko kwa muda mfupi kila asubuhi ili hewa ipite. Asumini huchukua wiki 4 hadi 6. Usivute kipandikizi kukijaribu. Chungulia matundu ya chini ya kiriba.

Bint Pangani
Maelezo ya Fundi ni sahihi, ila kwa mti uliozeeka mimi nisingeanza kwa kukata. Tafuta tawi refu la chini, ukwangue gome lake upande wa chini penye kifundo, ulilaze katika kijifereji cha kina cha sentimita 5 hivi, ulifukie na kuweka jiwe juu yake, ncha ikibaki nje. Kwa kuwa bado linalishwa na mti wenyewe, halikauki hata mizizi ikichelewa, na baada ya miezi 2 au 3 unalikata na kulihamisha. Njia hii haitoi miche mingi, lakini ni nadra kukuangusha. Ukitaka kukata, wazee wa huku huloweka vipandikizi kwanza katika maji ya dafu.

Mwanakilimo
Bint Pangani, kwa heshima zote, dafu ningeliacha linywewe. Maji yake yana sitokinini, homoni inayochochea seli kugawanyika na machipukizi kutoka, ilhali inayoanzisha mizizi ni oksini, ambayo mmea huitengeneza kwenye ncha na majani machanga, kisha ikateremka na kukusanyika mwisho wa tawi. Shida ya Mama Zuhura ni machipukizi kuitangulia mizizi, kwa hiyo dafu halina la kumsaidia, na sukari yake hulisha ukungu. Unga wa homoni ya mizizi, ukipatikana katika duka la pembejeo, unatosha.

Kuhusu bogenvilia, tumia tawi gumu lenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 15 hadi 20, na uwe na subira zaidi kuliko kwa asumini. Mizizi yake hukatika upesi sana, na miche mingi hufa siku ya kuhamishwa. Chana kiriba kwa wembe shimoni humo humo, donge la udongo libaki zima.

Mama Zuhura, Tanga
Nawashukuru nyote. Tawi la kulaza lipo, limeegemea ukuta wa jiko. Je, nilifukie sasa hivi, Januari, au ningoje masika?

Bint Pangani
Lifukie sasa, dada, ukilinda udongo wa pale usikauke kwa jua hili. Masika yakikolea mwezi wa Aprili mizizi itakuwa tayari, na mvua itakusaidia kuushikisha mche mahali papya.