Muuza troli za gofu hapa Dar umenipiga laki tano na themanini, leo nasema

Wakuu habari za saa hizi. Najua wapo watakaosema gofu ni mchezo wa mabosi kalilie huko huko Masaki, sawa, semeni mmalize. Mimi ni mtumishi wa kawaida tu, nilianza na fimbo saba za mtumba, na hiyo laki tano na themanini ilitoka kwenye kikoba baada ya kusubiri zamu yangu miezi minne. Kwahiyo nina haki ya kukasirika kama yule aliyepigwa kwenye simu au kwenye sofa.

Iko hivi. Mwanzoni mwa mwaka bega la kulia lilianza kunisumbua. Wikiendi kedi wangu, yaani mbeba begi, huwa kashachukuliwa na watu wa mashindano, na katikati ya wiki mi naingia uwanjani saa kumi na mbili na robo asubuhi nipige mashimo tisa niwahi kazini, muda huo kedi hata mmoja hajafika. Begi nililipima kwa mizani ya muuza mkaa wa mtaani, kilo 15 pamoja na maji lita tatu. Sheria inaruhusu fimbo 14 na mimi kwa ushamba ninazo zote 14 ingawa nikisema ukweli natumia nane. Sasa mashimo 18 ukitembea ni kilomita nane mpaka kumi kutegemea mpira wako unapenda pori kiasi gani, na wangu unapenda sana. Bega halitoboi hapo. Nikasema nitafute troli ya kusukuma, kile kigari cha kuwekea begi la fimbo.

Nikamkuta huyu muuzaji mtandaoni. Picha kali, troli nyeusi ya matairi matatu, bahari nyuma yake, maandishi "quality ya Ulaya". Nimeenda mpaka kwake, chumba kimoja ghorofani, maboksi yamepangwa mpaka dari. Nikamwambia kaka naomba nione moja ikiwa imefunguliwa niisukume kidogo. Akaniambia UKIFUNGUA BOKSI UMENUNUA. Nikasema basi nijaribu ya maonyesho, akacheka, eti "bosi hii sio gari, ni troli, zote zinasukumwa tu". Na mimi mtu mzima nina watoto wawili wa sekondari nikacheka naye nikatoa hela. Hapo ndo najilaumu mpaka leo.

Maana alivyokuwa ananiuzia alinihesabia vikorokoro. Ina sehemu ya chupa, ina kishikio cha mwavuli, ina kibao cha kubania kadi ya skoo, ina kineti cha chini cha kuweka taulo, ina vitundu vya kuchomekea tii, vile vijiti vya kuwekea mpira. Vitundu vya tii jamani! Mtu una mifuko miwili kwenye suruali. Hakusema neno hata moja kuhusu gurudumu wala beringi wala breki, na mimi sikuuliza kwasababu nilikuwa naangalia mwavuli.

Siku ya kwanza nimefika nayo uwanjani kedi wangu akaiona. Huyu ni mtu wa makamo, amebeba mabegi ya watu tangu mimi niko shule. Hakugusa sehemu ya chupa wala ya mwavuli. Aliipindua miguu juu, akazungusha gurudumu moja moja akawa anasikiliza kama fundi baiskeli. Ya nyuma yakazunguka. La mbele likaenda raundi mbili, krrrr, likasimama. Halafu akaisimamisha kwenye sakafu ya veranda, akaisukuma ikiwa tupu akaiachia. Haikumaliza hatua tano ikakata kushoto ikaenda kugonga chungu cha maua. Akaniangalia akasema "bosi hii inapenda kushoto". Nikamwambia mpya hiyo itakaa sawa ikizoea.

Haikuzoea. Ukiwa na kilo 15 juu yake na majani yana umande, troli inayovuta kushoto maana yake mkono wa kulia ndo unaoirudisha kila hatua, yaani bega lilelile nililokuwa naliokoa. Nikimaliza mashimo tisa nakuwa kama nimesukuma toroli la zege. Baadae nikaja kujua troli zinazoeleweka gurudumu la mbele lina skrubu ya kurekebisha, unalegeza, unasogeza kidogo, unakaza, inaenda mstari. Yangu imepigwa ribiti. Nimeipeleka kwa fundi akapinda ekseli kwa nyundo, kwa siku tatu ikapenda kulia.

Kitu kimoja tu nilipatia, tairi zisizo na upepo. Anayecheza viwanja vyetu hivi anajua habari ya mbigili, ukitoka nje ya feawei (njia ya majani yaliyokatwa) hatua kumi tu umeokota mbigili za kutosha kupasua tairi ya baiskeli, na tairi za upepo zinateleza vizuri sikatai lakini nani atembee na pampu na viraka kwenye begi la gofu. Kwahiyo tairi za povu (foam). Ila povu lenyewe nalo lina madaraja, wakuu. Kuna lile zito lililoganda na rimu, na kuna hili langu la yeboyebo. Gari yangu inashinda juani pale kazini, troli ipo kwenye buti, na mnajua yeboyebo ukiiacha juani inakuwaje. Mwezi wa tatu tangu niinunue tairi ya kushoto ikaanza kuzungukia juu ya rimu, rimu imesimama tairi inatembea, nikaipiga gundi ya viatu ikashika wiki moja.

Na begi nalo. Begi langu ni lile lenye miguu miwili ya kusimamia, unajua ukiliegemeza kitako kinabonyea miguu inafunguka. Sasa kikono cha chini cha hii troli kimekaa palepale pa kubonyea, kwahiyo natembea miguu ya begi inatanuka kama panzi, natembea begi linageuka fimbo zinaangalia chini. Nimefunga kwa mpira wa bodaboda. Watu wazima wananipita na troli zao kimya wanasema "shikamoo fundi".

Sasa breki, hapa ndo nilipoishiwa uvumilivu. Breki ya troli kumbe kazi yake ni ndogo sana, kijiti kinaingia kwenye meno ya gurudumu kinaizuia isitembee. Kijiti changu ni plastiki na meno ni plastiki, vimelana. Ilikuwa Jumamosi ya kombe la mwezi, tuko wanne, shimo lenye grini (yale majani mafupi kabisa yenye bendera) iliyo bondeni. Nimeiacha juu kwenye mwinuko nimevuta breki, nimesikia kabisa "ka!", nikashuka kuchipu, yaani kupiga mpira wa karibu. Niko katikati ya swing nasikia mtu anapiga kelele "troli! troli!" Nageuka naiona inashuka yenyewe, imenyooka kama haijawahi kupenda kushoto maishani mwake, ikapita pembeni ya banka (shimo la mchanga), ikapanda grini, ikaenda kuangukia karibu na bendera fimbo zote nje. Tairi nyembamba na grini imemwagiliwa alfajiri, imeacha mifereji kama ya mkokoteni. Troli haitakiwi kukanyaga grini hata ukiisukuma mwenyewe kwa adabu, sembuse hivyo. Nahodha wa klabu alikuwa kundi la nyuma yetu, kaona mwanzo mwisho. Sitaandika alichosema. Nilipiga magoti na kifaa cha kurekebishia grini mpaka kundi lake likapitishwa mbele.

Jumatatu nikampigia muuzaji. Kwanza akasema nimeizidishia mzigo. Begi la gofu kwenye troli ya gofu ni kuzidisha mzigo! Nikamwambia basi niuzie spea tu ya kile kijiti na gurudumu la mbele nibadilishe mwenyewe, akasema spea hazipo zinakuja na troli nzima. Nikasema niangalizie kampuni iliyotengeneza, akasema boksi halijaandikwa kampuni. Nikaenda kuliangalia stoo, kweli halijaandikwa! Ndo nimekaa nalo miezi yote hiyo sijaona. Nikaomba hata arudishe nusu, akanitumia meseji "plastiki haina dhamana ndugu" na kimoji cha mikono imeshikana. Toka hapo meseji zinaenda tiki moja.

Na masika ndo ilimalizia. Skrubu zake ni za chuma, fremu aluminiamu, ukiongeza na hewa yetu hii ya chumvi kila maungio yameota unga mweupe. Kiungo cha kukunjia kimeganda, haikunjiki tena, kwahiyo haiingii kwenye buti ya IST. Nikienda gofu inakaa siti ya nyuma inafunga mkanda kama abiria.

NYONGEZA: naona inboksi wengi mnauliza basi tununue ipi. Sina mkataba na mtu, nasema nilichoona kwa wenzangu klabuni na kwa maneno ya kedi ambaye ningemsikiliza mwanzo tusingekuwa hapa. Wenye Clicgear kwetu wapo watatu, ina tairi tatu, nzito kidogo maana ni kama kilo nane yenyewe tupu, lakini mmoja kavunja kikono akaagiza kikono peke yake kikaja, akafunga kwa bisibisi nyumbani. Hilo tu kwangu linatosha. Sun Mountain na Bag Boy nazo spea zake zinauzwa kimoja kimoja. Mwenye gari ndogo aangalie BIG MAX zile zinazojikunja bapa kama meza ya kupigia pasi. Bei zinauma, sikatai, lakini mimi laki tano na themanini ningeiongezea ningekuwa natembea kimya sasa hivi. Na zilizotumika zipo, wazee wanaohamia kwenye troli za betri wanauza za zamani, ulizia klabuni usiulizie mtandaoni.

Mkuu uliyesema zile za kuvuta za tairi mbili ni rahisi na hazina mambo mengi, uko sahihi kwa anayecheza uwanja wa tambarare na bega zima. Ukivuta mkono unabaki nyuma umepinda, na sehemu ya uzito unaibeba wewe. Ningekuwa na bega ningebeba begi.

Dada uliyeuliza kuhusu upana, swali zuri kuliko yote humu. Nilienda Arusha tukacheza Kili Golf kule Usa River, nikatembea ubavuni mwa mwinuko, yangu ekseli ya nyuma ni fupi, ikalala chini mara mbili kabla ya shimo la sita. Pima upana, na pima kishikio kama kinapanda mpaka kwenye kiuno chako, mi ni mrefu cha kwangu kinaishia mapajani.

Ila vyote hivi huwezi kuvijua kwenye boksi lililofungwa! Nenda na begi lako limejaa. Lifunge juu ya troli, tafuta mteremko wowote hata wa kuingilia parking, vuta breki, ondoa mkono. Isukume uiachie uone inapenda wapi. Ikunje uone inaingia kwenye buti yako wewe, sio buti ya kwenye picha. Muuzaji akikwambia ukifungua umenunua, mwachie boksi lake.

Mimi Jumamosi hii naenda naye kedi wangu mpaka pale ghorofani na troli yenyewe ikiwa wima hivyohivyo maana haikunjiki, tutapanda nayo ngazi, na tutaisimamisha mlangoni kwake mbele ya wateja, breki nimevuta. Tutaona kama itakaa.

Nitaleta mrejesho. Na wewe unayeuliza kama nauza vipande, kishikio cha mwavuli ni kizima kabisa, elfu kumi njoo ukichukue.