Mrejesho: ile mada ya msumari na mrututu

Wakuu, nimerudi. Wiki iliyopita niliuliza kwa nini mwalimu alinikata alama nilipoandika kuwa chuma kikiwekwa kwenye maji ya mrututu (CuSO₄, chumvi ya bluu yenye shaba) kinatoa Fe₂(SO₄)₃. Mliniambia hapa chuma hutoka na chaji 2+, si 3+, kwa hiyo jibu ni:

Fe + CuSO₄ → FeSO₄ + Cu

Sikuridhika, nikaamua kujaribu. Mrututu nilipata duka la pembejeo. Msumari wa kwanza ulinichanganya: ukafunikwa na kitu cheusi cheusi badala ya wekundu wa shaba. Kumbe nilichukua msumari wa bati, ule uliopakwa zinki! Zinki nayo inaisukuma shaba itoke kwenye chumvi yake, tena kwa kasi kuliko chuma, na shaba ikitoka haraka hivyo huwa ungaunga mweusi. Nikachukua msumari wa kawaida, nikausugua kwa msasa. Dakika chache tu, wekundu huo! Kesho yake bluu ilikuwa imepauka, inaelekea kijani hafifu.

Waya wa shaba kwenye maji ya chumvi ya zinki? Hakuna kilichotokea, kama mlivyosema. Kwenye orodha ya metali kwa nguvu ya kusukumana, shaba iko chini ya zinki, haina ubavu.

Aliyenitega na swali la sodiamu ikiwekwa kwenye maji ya mrututu nimemwelewa: ile hukimbilia maji kwanza, inatoa haidrojeni na NaOH, halafu Cu(OH)₂ ya bluu inatuama. Ukiandika Na₂SO₄ + Cu umeliwa.

Swali la metali ya fedha bado nalifanyia kazi: nikisawazisha mlinganyo, ile 2 mbele ya AgNO₃ (chumvi ya fedha) huwa naisahau kila mara.