Leaf ya Japani, safari ya Mombasa: ninunue adapta ipi?

Mama Mwende, Nairobi
Habari zenu. Nina gari la umeme, Nissan Leaf ya 2018, betri ya kilowati-saa 40, ilitoka Japani. Nyumbani naichaji usiku bila shida. Desemba nataka kumpeleka mama yangu Mombasa. Ana miaka 74 na hajawahi kuiona bahari.

Gari lina matundu mawili puani: dogo la duara lenye vishimo vitano, na kubwa la CHAdeMO, yaani mfumo wa Kijapani wa chaji ya haraka. Chaja nilizoziona mimi ni za plagi za Ulaya, Taipu 2 (ya chaji ya kawaida) na CCS2 (ya haraka), hata moja haiingii. Muuzaji anasema kuna adapta ndogo ya kiganjani na nyingine kubwa kama tofali, na bei zao ni mbingu na ardhi.

Mwezi wa nane nililala gesti moja Emali, nikachomeka kwenye ekstensheni ya chumbani. Saa nane usiku nikaamshwa na harufu ya plastiki. Plagi imelainika kama mshumaa, pini moja imeng'ang'ania ndani ya soketi. Sitaki yanikute hayo nikiwa na mama.

Baba Zuhura, Voi
Pole sana dada. Nina Leaf kama yako, na njia hiyo naijua.

Adapta hizo kazi zake ni mbalimbali. Ile ndogo ni ya umeme wa AC, yaani wa kawaida kama wa nyumbani, inabadilisha umbo la plagi tu, haiongezi kasi hata kidogo. Chaja iandikwe kilowati 22, gari lako litavuta 3, au 6 kama lilikuja na chaja kubwa ya ndani. Kwa 3, betri tupu inachukua kama saa 16 kujaa. Na kabla hujalipa uliza: chaja utakazotumia zina waya wake, au ni tundu tu ukutani? Penye tundu tu, hiyo adapta haikufai. Unahitaji waya mzima, Taipu 2 upande mmoja na Taipu 1, ya lile tundu lako dogo, upande wa gari. Mimi nililijua hilo nikiwa nimeshafika, saa mbili usiku, watoto wamelala nyuma.

Ile tofali ndiyo ya chaji ya haraka, inaunganisha CCS2 na CHAdeMO. Chaja na gari hazizungumzi lugha moja, kwa hiyo ndani mna kompyuta ya kutafsiri, na kibetri chake ambacho nacho hutakiwa kuchajiwa. Kibetri hicho kichajiwe usiku wa kuamkia safari. Kikiwa kimekufa, utasimama mbele ya chaja nzima na usipate kitu.

Fundi Umeme, Changamwe
Mama Mwende, nakuomba usichomeke tena kwenye ekstensheni ya gesti. Kilowati 3 kwa volti 240 ni karibu ampea 13, na plagi ya kawaida haikutengenezwa kubeba hivyo usiku kucha. Tafuta waya wa kuchajia unaoshuka hadi ampea 8 au 10, uchomeke moja kwa moja ukutani. Baada ya nusu saa ishike plagi: ikikuunguza kiganja, zima. Na waya ukiwasha taa nyekundu ukakataa kuchaji, mara nyingi soketi haina ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Asikushawishi mtu kuukwepa ulinzi huo kwa kiplagi cha pini mbili. Omba chumba kingine.

Mama Mwende, Nairobi
Asanteni mno. Nikiwa na tofali, naweza kuchaji haraka mara mbili siku moja, nifike Mombasa jioni?

Baba Zuhura, Voi
Utafika, ila kwa kuchoka. Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza, na joto la huku unalijua. Chaji ya pili itakwenda polepole mno. Kuja unateremka zaidi ya mita 1,000 hadi Voi, betri inasaidika. Kurudi ni kupanda, usipige hesabu ileile. Na popote unapotegemea kuchaji, piga simu asubuhi uulize kama inafanya kazi.

Mama Mwende, Nairobi
Basi tutalala Voi. Mama ana mpwa wake Mwatate, atafurahi kumwona. Tofali naiagiza wiki hii.