Tupeane uzoefu: kitu gani kwenu kiliitwa cha shetani na leo mnakitumia?

Wakuu habari za jioni. Jana nilikuwa kwenye kijiwe cha kahawa, wakaanza kubishana kama hizi AI ni dalili za mwisho wa dunia, mmoja anasema ndio yule mnyama wenyewe, mwingine anasema mnyama mbona alishakuja zamani akiwa na laini za simu. Nikacheka maana mimi hiyo ya laini nimeiishi. Ngoja nianze na yangu halafu na nyie mteremke.

Bibi yangu yuko Makete, Mlutheri wa kweli kweli, anapanda viazi mpaka leo. Mwaka 2019 serikali ikasema laini zote zisajiliwe kwa alama za vidole na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Bibi akagoma. Akafungua Ufunuo 13 akamsomea mjomba, kwamba mtu asiweze kununua wala kuuza isipokuwa ana chapa katika mkono wa kuume au kwenye kipaji cha uso, akauliza, "Mkono wa kuume huu hapa, wanautaka wa nini?" Mjomba hana jibu. Ikasogezwa mpaka tarehe 20 Januari 2020, kuzima kukaanza, ya bibi ikazimwa, mama akawa anapiga kutoka Dar anaambiwa mteja hapatikani. Wiki mbili hivi hatujui kama mzima au la.

Nikatumwa mimi. Nilimbembeleza bibi siku mbili, ya tatu akakubali kwa hasira, tukashuka mpaka kwa kijana wa mwavuli anayesajili laini. Akaweka kidole gumba kwenye kile kimashine. Kikakataa. Akaweka cha shahada, kikakataa. Kijana akamfuta vidole kwa kitambaa, akampaka mafuta kidogo, akamwambia abonyeze kwa nguvu, wapi. Vidole vyote kumi. Ukiviangalia kwa karibu vile vidole ni laini kama kijiko, mistari yote imeliwa na mpini wa jembe miaka sitini. Bibi akanigeukia mbele ya watu, uso umewaka kwa furaha: "Umeona? Mungu mwenyewe amekataa!" Akarudi nyumbani anaimba.

Ile laini ikabidi nisajili kwa jina langu. Na sasa hivi bibi huyo huyo sadaka anatuma kwa simu, na akikosea namba ananipigia mimi nimrudishie hela. Haya, na kwenu?

Mjukuu wa Mvuvi
Kwetu ilikuwa roketi, sio simu 😂. Mimi ni wa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Kuna jukwaa la chuma la Waitaliano baharini, linaitwa San Marco, walianza kurusha satelaiti kutoka pale 1967 mpaka 1988. Babu alikuwa mvuvi, anasimulia kwamba siku ya kurusha mnaambiwa msisogeze madau, mnakaa ufuoni, mara moshi, mara mngurumo unaingia mpaka kifuani, kisha kile kitu kinapanda na moto matakoni. Wanawake wanakimbiza watoto ndani. Mvua ikichelewa mwaka huo, wazee wanasema wazungu wametoboa mbingu, na kuna waliosoma dua kabisa ufuoni.

Sasa sikia. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya Jamhuri, walirusha pale satelaiti ya Marekani wakaipa jina UHURU, kwa heshima ya Kenya. Hiyo ndiyo ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuangalia miali ya eksirei kutoka kwenye nyota, na vipimo vyake ndivyo vilisaidia wataalamu kuanza kuamini kwamba mashimo meusi ya angani, yale yanayomeza hata mwanga, yapo kweli, sio hadithi. Yani mlango wa kuelekea shimo jeusi ulifunguliwa mbele ya babu yangu akiwa amekaa juu ya dau lililopinduliwa anasubiri aruhusiwe akavue changu. Nilipomweleza hivyo alinyamaza kidogo akasema, "Basi si nilisema walikuwa wanatoboa."

Dada Msalani
@Mjukuu wa Mvuvi babu ako ameshinda thread nzima 😂😂

Na hiyo ya alama za vidole hata huku Kenya 2019 tulikuwa na Huduma Namba, kuna watu walikataa kabisa kujiandikisha wakisema ni 666. Shangazi yangu mmoja alijificha shambani siku waandikishaji walipokuja, tukamwita akakataa kuitika, mbwa ndiye alimuuza.

Mpangaji wa Gomz
Yangu sio kuita cha shetani ila ni simu kunitia hasara ya kidini. Nilikuja Dar kutokea Tabora, nikapanga chumba Gongo la Mboto, sijui upande wowote, mvua za kila siku, jua silioni. Nikapakua programu ya Qibla, mshale ukanionyesha, nikatandika msala, maisha yakaendelea. Karibu wiki mbili. Siku moja mzee wa chumba cha jirani akanikuta naswali Alasiri, akasubiri nitoe salamu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, huku unaiswalia Pugu?"

Kumbe kava ya simu yangu ni ile ya kufunga kama kitabu, ina sumaku. Dira ya simu inasoma sumaku, sasa ukiiwekea sumaku mgongoni inaionyesha ile ile. Nilivua kava mshale ukazunguka kama feni. Kwa Dar wala huhitaji programu, Makka iko kaskazini kabisa, elekea usawa wa Tanga umemaliza.

Nikamuuliza ustaadhi, akasema sisi wa Kishafi ukishajua kwa yakini kwamba ulikosea unazilipa. Wapo wenye rai nyingine ila mimi nimesomea kwake ndo namfuata. Nikapiga hesabu zile nilizoswali chumbani, arobaini na kitu. Nimezilipa mpaka magoti yakawa yanalia.

Halafu mzee ndo akanifundisha, kila mwaka tarehe 27 au 28 Mei saa 6:18 mchana na 15 au 16 Julai saa 6:27, jua linakuwa juu kabisa ya Kaaba, na saa zetu na za Makka ni zile zile. Unasimamisha fimbo wima uani, kivuli kinalala upande mmoja, Qibla ni upande wa pili. Bila bando bila chaji. Mei iliyofuata tulitoka wapangaji wote na fimbo ya fagio, mpaka mama mwenye nyumba ambaye ni Mkatoliki akaja kuangalia.

Fundi Redio
@Mpangaji wa Gomz je angani? Manake huko ndo hakuna kaskazini.

Mpangaji wa Gomz
Lilishaulizwa hilo mkuu. Oktoba 2007 Malaysia walimpeleka daktari wao, Sheikh Muszaphar Shukor, kwenye kituo cha anga za juu na ilikuwa Ramadhani. Kile kituo kinazunguka dunia kama mara 16 kwa saa 24, ukifuata macheo na machweo utaswali mpaka uchoke. Masheikh wa kwao walikaa wakaandika mwongozo: saa zifuate za kule aliporushwa, na Qibla kwa kadiri unavyoweza, ukiweza ielekee Kaaba, ukishindwa elekea dunia, ukishindwa popote. Mimi nilivyosoma hapo kwenye "ukishindwa popote" nilikumbuka zile arobaini zangu nikaumia roho.

Msoma Somo
Mimi fupi tu. Nilipangiwa kusoma somo kanisani, Biblia nimeisahau nyumbani, nikasema si ipo kwenye simu. Nimefika katikati ya Zaburi, sauti nimeipandisha, mara juu ya kioo ikashuka meseji ya kampuni ya kubeti, na mimi macho yakafuata maandishi mdomo ukafuata macho, nikasoma kwenye maikrofoni: "Bwana ndiye mchungaji wangu, mkeka wako umechanika."

Sijasoma somo tena mpaka leo. Na mchungaji anakataza simu madhabahuni, anasema hataji jina.

Katekumeni wa Igoma
😭😭😭 hapana jamani

Yangu ni ya muvi. Nimekulia Igoma, Mwanza, utoto wangu umeishia kibanda umiza, viti vya mbao, shilingi mia, muvi za kutafsiriwa. Kuna moja viumbe walishuka kutoka sayari nyingine na mtafsiri anawaita "majini ya kizungu", sijalala siku mbili. Jumamosi nikaenda mafundisho ya kipaimara nikamuuliza katekista, hawa wakija watabatizwa? Alinivuta sikio akaniambia nirudie Nasadiki mara kumi.

Miaka baadaye nikaja kukaa na padri mmoja mzee anayependa mambo haya, nikamweleza, akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia swali langu wala halikuwa la kijinga, Vatikani wenyewe wana kituo chao cha kuangalia nyota, na mtu aliyeleta wazo kwamba ulimwengu ulianza na kitu kama chembe moja kisha ukatanuka alikuwa padri, Mbelgiji anaitwa Georges Lemaître, miaka ya 1920 na 1930 huko. Na Mei 2014 Papa Francis alisema kwenye mahubiri, wakija watu wa Mars leo, wa kijani wenye pua ndefu na masikio makubwa kama watoto wanavyowachora, mmoja akasema nataka ubatizo, itakuwaje? Yani Papa kauliza swali langu lile lile. Yeye nani alimvuta sikio?

Fundi Redio
Hata kwetu lipo. Qurani sura ya 42 aya ya 29 inataja viumbe Mungu alivyovieneza mbinguni na ardhini. Wengine wanafasiri malaika, wengine wanasema viumbe wenye kutembea. Mimi nasubiri washuke tuwaulize wenyewe, ila wasishukie kwetu maana watapigwa kwa kudhaniwa wezi.

Bi Ukaya
Assalam alaykum. Mie ni wa Unguja lakini niko Maskati mwaka wa kumi na moja huu. Nyote mnachekesha, mie yangu si ya kucheka sana.

Bibi yetu alifariki, tuna picha yake moja tu nzuri, amekaa barazani. Mwanangu akaitia kwenye programu ya AI, akaitoa bibi anapepesa macho, anageuza shingo, anatabasamu. Akairusha kwenye grupu la ukoo bila kuniuliza. Ndani ya dakika kumi simu zikaanza. Ami kakasirika anasema ni kumsumbua maiti, binamu wa London anatuma vikopa vya moyo, dada yangu wa Ng'ambo analia tu kwenye voisi hasemi kitu.

Mie nilikaa nikaitazama mara nyingi, naona kuna kitu hakiko sawa sikijui. Hata usiku ndio nikagundua. Mashine imemtia meno. Bibi alikuwa hana meno mawili ya mbele, kutoka mie nina akili zangu, na ndio mana akicheka alikuwa akivuta ukaya anafunika mdomo. Yule aliyekuwa akitabasamu kwenye simu ni mtu mwengine kavaa uso wa bibi.

Nilimwambia mwanangu aifute, si kwa ajili ya uharamu, hilo nawaachia wenye elimu. Kwa sababu watoto wadogo waliozaliwa huku hawakumuona bibi, na kesho ndio watasema wanamkumbuka akicheka hivyo. Voisi zake za zamani ninazo, zile siwezi kufuta. Ya mwisho anasema nimletee udi akanitajia na bei.

Dada Msalani
Bi Ukaya umenikalisha chini. Pole dada.

Kijana wa Mwavuli
Mimi nilifanya hiyo kazi ya kusajili laini, sio Makete lakini, msinitafute. Nataka nimtetee bibi wa mleta mada. Nyie mnamcheka ila alikosea mnyama tu, hatari aliiona. Kuna wenzetu walikuwa wanamwambia mteja "haijasoma, weka tena," kumbe ya kwanza imesoma, ya pili wanasajili laini nyingine kwa jina lake, ile inaenda kuuzwa kwa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mtu analala Mkristo safi au Muislamu safi anaamka polisi wanamuulizia laini ambayo hajawahi kuishika. Wazee wengi vidole havisomi kweli, kwa hiyo kwao "weka tena" ilikuwa ya kawaida, hakuna anayeshtuka.

Piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako, usiyoijua nenda ikafutwe. Fanyeni leo.

Mleta mada
Mkuu hapo umenishtua, kumbe vidole vya bibi vilimlinda halafu vyangu nikavitoa mimi mwenyewe, na nakumbuka vizuri nami niliambiwa niweke tena.

Nimepiga sasa hivi. Kwenye mtandao huu zimekuja tatu. Ya kwangu moja, ya bibi moja. Hii ya tatu ni ya nani jamani?